Hela yenye herufi T: nani atunze vya kale vya Tabora?

Neno "hela" tunalolitamka kutwa limetokana na heller, sarafu ndogo ya Wajerumani waliotawala nchi hii, na baadhi ya hela hizo zilitengenezwa Tabora penyewe. Mwaka 1916, vita ilipokuwa imewafungia Wajerumani njia ya bahari, karakana ya reli ya Tabora ilitoa sarafu za shaba, na hata za dhahabu za rupia 15 zenye sura ya tembo, kabla mji haujatekwa na majeshi ya Wabelgiji Septemba mwaka huohuo.

Moja ya zile za shaba niliikuta kwenye meza ya fundi saa jirani na soko, ndani ya kopo la maziwa lenye vifungo na funguo zisizo na kufuli. Ukingo ulikuwa umelika, lakini taji, mwaka na herufi T ya Tabora vilisomeka. Nilipouliza ilikotoka, fundi alinijibu bila kuinua macho: "Imeletwa tu, kaka."

Wanaotaka mji uwe na maduka halali ya vitu vya kale wana hoja nzito kuliko tunavyopenda kukiri. Kitu kisicho na bei huishia kwa mnunuzi wa chuma chakavu, ambaye mizani yake haitofautishi sarafu ya 1916 na bomba lililopasuka. Kopo la yule fundi, kwa uchafu wake wote, limeiokoa ile hela isiyeyushwe.

Wanaopinga husema kwamba kinachouzwa huhama, na hapa lazima tutenganishe vitu. Sarafu zilitengenezwa kwa maelfu, hivyo moja ikisafiri, historia haibaki na pengo. Mlango wa kuchonga ni jambo jingine. Ukiwa ukutani, kama katika nyumba ya tembe ya Kwihara, karibu na Tabora, alimokaa Livingstone mwaka 1872, unashuhudia kwamba watu wa pwani, na ufundi wao, walifika huku ndani kwa njia ya misafara ya pembe na watumwa. Ukining'inizwa katika ukumbi wa hoteli ya mbali, unabaki kuwa pambo zuri tu. Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 ililiona hilo, ikailinda milango iliyochongwa kabla ya 1940.

Kwa hiyo sioni ubaya wa duka kuuza hela, mradi mlango usiguswe na muuzaji aandike kila kitu kilitoka nyumba gani na kililetwa na nani. Hata daftari si la kununua: fundi wangu analo, lenye mistari iliyonyooka, na kila saa inayoingia huandikwa jina la mwenyewe, mtaa wake na siku iliyoletwa. Kopo la maziwa tu ndilo halina ukurasa.