Mimba ya wawili, adhabu ya mmoja

Zikitajwa habari za wafungwa wa kike ambao Uingereza iliwapeleka Australia kama adhabu, wasimuliaji hukimbilia kwa Mary Reibey. Nawaelewa. Binti alijivika nguo za kiume, akahukumiwa kwa wizi wa farasi, akafikishwa Sydney mwaka 1792 akiwa bado kigoli, na baadaye akawa mfanyabiashara mkubwa mwenye meli na majumba. Sura yake sasa iko kwenye noti ya dola 20 ya Australia. Lakini wanawake waliopelekwa kule kati ya 1788 na 1853 walikuwa kama 25,000, na ukimtazama Reibey peke yake utadhani walikwenda kutafuta maisha.

Wengi walikuwa watumishi wa majumbani, watu wa hali ya chini kutoka Uingereza na Ireland, na makosa yao yalikuwa wizi mdogomdogo: kipande cha kitambaa, nguo za bosi. Hukumu ilikuwa miaka 7, au 14, au maisha. Na hiyo miaka 7 ikiisha, nauli ya kurudi ni juu yako. Mwanamume angalau aliweza kubahatisha kazi ya ubaharia. Mwanamke angeomba kazi gani melini?

Kinachonikera zaidi ni habari ya mimba. Mfungwa wa kike aligawiwa kwa mlowezi akamfanyie kazi za ndani bila mshahara, akilala chini ya paa lake na kumtegemea kwa kila tonge. Akipata ujauzito, anarudishwa kwenye gereza lililoitwa Kiwanda cha Wanawake. Kile cha Cascades, huko Hobart katika kisiwa cha Tasmania, kilifunguliwa mwaka 1828 katika jengo lililokuwa la kutengenezea pombe, bondeni kando ya kijito, chini ya mlima, mahali pa baridi na unyevu ambapo jua halikai. Hapo ndipo walipozalia.

Mama alinyonyesha mpaka mtoto aachishwe ziwa, kisha akaingizwa daraja la wakosaji. Nguo zake zilibandikwa herufi C ya manjano, akasimama kwenye mabeseni kufua nguo za watu wa mjini. Hiyo ndiyo adhabu ya kuzaa. Mtoto alibaki kwenye chumba cha watoto, na wengi walifia humo. Waliopona walipelekwa kwenye nyumba ya yatima ilhali mama zao wako hai. Na baba? Baba hakufulishwa hata soksi. Kama ndiye bosi mwenyewe, aliweza kuomba aletewe mtumishi mwingine.

Tena waliojiita wacha Mungu walikuwa wameshatoa hukumu yao mapema. Mwaka 1806 kasisi Samuel Marsden aliorodhesha wanawake wa koloni: 395 wameolewa, 1,035 mahawara. Ndoa aliyoihesabu ni ile iliyofungwa katika kanisa lake la Kianglikana tu. Mkatoliki aliyekuwa na mumewe miaka yote akaandikwa hawara, na sifa hiyo mbaya ikawafuata wanawake hawa kwa vizazi. Kalamu ya mtu mmoja!

Wasidhaniwe lakini kwamba waliinamisha vichwa tu. Waliwazomea wakubwa, walitoroka, na walionyolewa nywele kwa adhabu waliendelea na ukaidi wao. Oktoba 1827 Kiwanda cha Wanawake cha Parramatta, karibu na Sydney, kilipunguza mkate na sukari. Wanawake walivunja lango, wakamwagika mjini, wakavamia maduka ya mikate na nyama, na ilibidi askari wenye silaha waitwe kuwarudisha. Vitabuni tukio hili huitwa ghasia. Mtu anayefanyishwa kazi bila ujira, kisha akakatiwa hata mkate, sijui alitakiwa aandike barua.