Kama hela ni ya mawazo, nunua baiskeli ya fremu ya chuma

Ukiingia Kariakoo ukasema unatafuta baiskeli ya kwendea kazini, ya kwanza kuvutwa mbele yako itakuwa mpya, ina shokapu mbele na nyingine katikati, gia 21, disk breki mbili na rangi za kuwaka, na kama mfukoni una laki mbili na nusu mpaka tatu utaambiwa hiyo ndo yako. Mimi nasema iache. Kwa hela hiyo hiyo chukua mtumba wa fremu ya chuma usio na shokapu hata moja, halafu kitakachobaki mpe fundi aifungue yote, aisafishe, aitie grisi na aifunge upya.

Sababu yangu ya kwanza ni hizo shokapu zenyewe. Shokapu ya bei hiyo ni springi tu ndani ya bomba, haina mafuta wala chochote cha kuituliza, kwa hiyo ukisimama kwenye pedali upande kamlima baiskeli inabonyea chini na kupanda juu na nguvu zako zinaishia hapo hapo kwenye springi. Ikinyeshewa masika moja maji yanaingia ndani, inashika kutu, haibonyei tena, na sasa umebaki na kilo za bure unazozibeba kila siku. Na jambo ambalo watu hawalipigii hesabu ni kwamba aliyeitengeneza alikuwa na bajeti ile ile ndogo, ili aweke shokapu na disk ilibidi abane kwingine, na alipobana ni kwenye gololi, ekseli, spoku na rimu, yaani vitu vyenyewe vinavyokubeba.

Sasa mtu atakwambia chuma ni kizito. Mountain bike za zamani za chuma, zile za miaka ya 90 zinazokuja kwenye makontena kutoka Ulaya na Japani, Giant, Trek, Raleigh na kadhalika, nyingi zina kilo 13 au 14 hivi. Hiyo mpya yenye shokapu mbili mara nyingi inafika kilo 16 mpaka 18. Kwa hiyo anaekimbia uzito wa chuma anakimbilia uzito mkubwa zaidi. Tofauti ya fremu ya chuma na ya alumini zikiwa za daraja moja haifiki mbali, ni kama kilo moja hivi, na kwa mtu anaetoka Tabata kwenda mjini na begi, chakula cha mchana na chupa ya maji, kilo moja haitamchelewesha kazini. Kinachokuchosha ni tairi lenye upepo mdogo, cheni kavu na kiti kilichoshushwa chini sana.

Halafu kuna suala la kuvunjika. Chuma kina tabia moja nzuri, mtikisiko mdogo mdogo wa kila siku haukichoshi ilimradi haujapita kiwango chake, alumini haina kiwango hicho, kila mtikisiko unaongeza kidogo, ndo maana watengenezaji wa fremu za alumini wanaweka mabomba manene ili kufidia. Na siku chuma kikipasuka mara nyingi kinaanza na ufa unaouona, unakwenda kwa fundi wa gesi anakuchomelea kwa shaba, jioni unarudi nayo nyumbani. (Mwambie gesi na shaba, sio welding ya umeme, mabomba ya fremu nzuri ni membamba na umeme unayatoboa.) Alumini ikikatika, wa kuichomelea vizuri kumpata ni kazi, na hata ukimpata ile sehemu iliyopata moto inalegea, kiwandani fremu ikishachomelewa inapitishwa kwenye tanuru kurudishiwa ugumu wake, tanuru hilo Buguruni hulipati.

Chuma nacho sio kimoja. Tafuta stika kwenye fremu, ikiandikwa 4130 au Cr-Mo umebahatika, hicho ni chuma kilichochanganywa na kromiamu na molibdenamu, kina nguvu kwa hiyo bomba linafanywa jembamba na fremu inakuwa nyepesi. Ikiandikwa Hi-Ten ni chuma cha kawaida, kizito kidogo lakini hakina shida. Stika ikiwa imetoka au imepakwa rangi juu, chomoa bomba la kiti uangalie namba iliyogongwa chini yake. Ikiwa 27.2 ina maana bomba la fremu linamoingia hilo la kiti lina ukuta mwembamba, na hiyo mara nyingi ndo alama ya fremu nzuri, ikiwa 25.4 ujue ukuta huo ni mnene na chuma ni cha kawaida. Wauzaji wengi hawaiangalii namba hiyo, kwa hiyo mbili zinaweza kusimama pamoja kwa bei moja na moja ikawa bora mara mbili.

Phoenix na ndugu zake, zile baiskeli ngumu za mizigo, naziheshimu sana, zimejenga nyumba na kusomesha watoto, na kama kazi yako ni kubeba mkaa au kreti za soda usihangaike na nyingine. Ila kwa mtu wa kwenda kazini mjini nina tatizo nazo moja, breki. Zinatumia fimbo badala ya waya na rimu zake ni za chuma kilichopakwa kromu, mvua ikinyesha raba inateleza tu kwenye kromu na wewe uko nyuma ya daladala iliyosimama ghafla. Fremu iwe chuma, rimu ziwe alumini, hapo sibadiliki. Rimu utaijua kwa sumaku, beba hata kasumaku ka spika mbovu, ikinasa ni chuma. Zile za Kijapani zenye kikapu ni nzuri pia, zina madigadi, dinamo na kufuli la tairi la nyuma tayari, na Dar sehemu kubwa ni tambarare kwa hiyo gia moja inatosha, ila nyingi zimetengenezwa kwa watu wafupi, ukiwa mrefu magoti yatakuja kulalamika.

Kitu kinachotesa watu ni tairi. Mjapani ameandika 26, mountain bike nayo imeandikwa 26, unanunua tairi unafika nyumbani haliingii. Achana na inchi, soma namba ndogo pembeni ya tairi: mountain bike inaishia na 559, Mjapani mara nyingi 590, Phoenix ya 28 inaishia na 635, na zile za Ulaya za barabarani 622. Tarakimu hizo tatu za mwisho ndo kipenyo cha rimu kwa milimita na hazidanganyi. Mimi nachagua 559 kwasababu tairi zake ziko kila kona, na unaweza kuweka pana lisilo na meno makubwa, ukalijaza upepo wa wastani, hiyo ndo shokapu yako kwenye mashimo ya uswahilini.

Unapokagua, kabla hujaangalia rangi, piga magoti. Pitisha kidole chini ya mabomba mawili pale yanapokutana na shingo ya usukani, kwa upande wa nyuma wa shingo. Rangi ikiwa imejikunja pale, au kidole kikisikia kauvimbe, baiskeli hiyo iligonga kitu kwa mbele na fremu ilijikunja, ondoka hata kama anakupunguzia nusu bei. Kisha igeuze juu chini uangalie sehemu pedali zinapozungukia, maji yote ya ndani ya fremu yanashukia pale, gonga na spana, chuma kizima kinalia, kilicholiwa na kutu kinatoa sauti iliyokufa. Kwa wakazi wa Kigamboni au Msasani hapo msiwe na haraka, hewa ya chumvi haina huruma na chuma, na ukishainunua mwambie fundi amwage oili kidogo ndani ya mabomba kupitia tundu la kiti, aigeuze geuze isambae, na alipake bomba la kiti grisi kabla hajalirudisha maana likiganda humo halitoki tena.

Hela iliyobaki iende hivi: raba za breki mpya, waya mpya, tairi la nyuma kama limeisha, cheni, na kufuli zito. Karia itafuata mwezi ujao, matundu ya kuifungia yapo tayari kwenye fremu nyingi za chuma, angalia karibu na ekseli ya nyuma kabla hujalipa.