Ukinipa wimbo wa chiptuni, nipe na faili lake

Jumamosi iliyopita tulikuwa Kinondoni, watu sita tumebanana kibarazani, laptopu mbili na spika moja ya bluetuthi, dogo mmoja wa Tandika akapiga ngoma yake mpya ya chiptuni, tukanyamaza wote. Chaneli, yaani njia za sauti, ni chache tu lakini melodi ina mwangwi kama inapigwa ndani ya ukumbi mkubwa. Sasa chipu ya Famicom, ile mashine ya gemu ya zamani, haina kitufe cha mwangwi, umetoka wapi? Tukamuuliza, akageuza laptopu tuone. Alichukua noti zilezile za chaneli ya kwanza akazinakili chaneli ya pili, akazisogeza mistari mitatu chini, akashusha sauti kutoka F, ambayo kwenye traka, programu ya kuandikia noti mstari kwa mstari, ndiyo 15, mpaka 7. Basi. Hazikupita dakika mbili wawili walishaanza kujaribu kwenye nyimbo zao.

Hicho ndicho kilichonifanya niupende huu muziki na watu wake, na ndicho naona tunaanza kukipoteza, maana siku hizi watu wanaleta MP3. Wimbo umefungwa, unasikiliza, unasema "kali sana kaka", imeisha hiyo. Mi nasema wazi, kama uko na sisi leta faili la traka.

Kwa asiyejua, chiptuni ni muziki unaotengenezwa kwa chipu za sauti za gemu na kompyuta za zamani, au kwa programu zinazoziiga. Wengi wetu hizo sauti tunazo kichwani toka utotoni, zile gemu za kaseti za Kichina unachomeka kwenye TV, zilizoiga Famicom ya Nintendo ya mwaka 1983. Mle ndani kuna chaneli mbili za melodi, moja laini tunayoitumia kwa besi, moja inatoa ile shhh kama redio isiyoshika stesheni, hiyo ndo ngoma zako, na ya tano inapiga visampuli, yaani vipande vifupi vya sauti iliyorekodiwa. Huna chaneli za kutosha kupiga kodi nzima, yaani noti kadhaa kwa pamoja, kwa hiyo unaandika 047 pembeni ya noti (noti yenyewe, ya nusu hatua nne juu yake na ya nusu hatua saba), traka inazungusha noti tatu haraka, inabadilisha mara 60 kwa sekunde, sikio linadanganyika linasikia kodi ya meja. Ukiiona hiyo 047 kwenye faili la mwenzako umeshajifunza leo hii hii. Kwenye MP3 utabaki unashangaa tu.

Na si sisi tulioanzisha hili. Mwaka 1987 Mjerumani Karsten Obarski alitoa Ultimate Soundtracker kwa kompyuta ya Amiga, na kutoka hapo zikaja faili za MOD, zilizobeba noti pamoja na sauti za vyombo humohumo, yeyote aliyepata wimbo angeweza kuufungua akaona umeshonwaje. Baadaye faili za MOD zikawa na nafasi 31 za majina ya sampuli, na watu wakazitumia kuandikiana ujumbe na salamu. Nilivyoliona hilo mara ya kwanza nilikumbuka kadi za salamu za redioni, mtu anamtaja shangazi, anataja majirani, na wimbo wenyewe unasubiri. Yaani ndani ya wimbo kulikuwa na watu.

Mi mwenyewe nimekulia Manzese, singeli, muziki wetu wa kasi, inapiga mpaka kabati linatetemeka, na muda mrefu niliamini haiwezi kuingia kwenye chipu. Dada mmoja wa Mbagala ndo alinionyesha, tena kupitia faili lake, wala hakunieleza kwa mdomo. FamiTracker, traka ya sauti za Famicom, ukiifungua spidi iko 6, ambayo ni mapigo 150 kwa dakika. Yeye kaweka 4, inakuwa 225, na mwishoni anaweka 3, ni 300 kamili. Namba moja tu! Nilikaa na lile faili mpaka usiku wa manane.

Najua watu wanasema utaibiwa. Kwa prodyuza anayekula kwa biti zake sina ubishi, kazi yake ni ugali wake, aifungie. Lakini hapa kwetu hakuna anayelipwa, tuko wachache mno, ukichukua besi ya mtu wote tunaijua ni ya nani. Halafu faili la traka mara nyingi ni kilobaiti tu, wakati wimbo huohuo kwa MP3 unaweza kula megabaiti tatu, mwenye bando la kuungaunga anaelewa ninachosema.

Mwaka jana hadidiski yangu ilikufa, fundi akahangaika nayo siku tatu akanirudishia mikono mitupu. Nyimbo nilizokuwa nimewatumia wenzangu zilirudi zote siku hiyohiyo, kila mtu alikuwa nazo kwenye simu. Moja haikurudi. Nilimtengenezea bibi yangu, ina ngoma ya mdundiko kwenye ile chaneli ya shhh, nilihangaika nayo wiki nzima na nikaona ni nzuri mno kuigawa, nikawapa MP3 tu. Bibi hayupo tena. Ninayo MP3, naweza kuisikiliza muda wowote, ila kuna noti moja ya besi iko juu kidogo, nilipanga kuirekebisha, na siwezi kuigusa.

Dogo wa Tandika kaichukua. Anaisikiliza kwa hedifoni kipande kwa kipande, anaiandika upya kwenye traka, besi ameshamaliza na ile noti tumeishusha pamoja. Kwenye mdundiko kuna mahali amesikia vibaya, pigo moja kaliwahisha, nikataka kumwambia alirudishe. Tukaisikiliza tena mara mbili tatu. Nikamwambia aliache hapohapo.