Oili ya giaboksi kwenye gari kuukuu: ibadilishwe au iachwe?

"Giaboksi hii usiiguse, bosi. Ukimwaga hiyo oili, wiki haiishi imekufa." Kama una gari la oto lililokwisha tembea kilomita 150,000 na zaidi, maneno haya umeshaambiwa, au yako njiani. Ukienda gereji ya pili unaambiwa kinyume: oili imekuwa nyeusi hivi, ulikuwa unasubiri nini? Wote wawili ni mafundi wazoefu, na kila mmoja ana magari ya kukutolea mfano.

Swali hili linatugusa kwa sababu ya magari tunayonunua. Kenya hairuhusu kuingiza gari lenye umri wa zaidi ya miaka 8. Tanzania inaruhusu, ila gari kuukuu linaongezewa ushuru. Ndiyo maana barabara za Dar es Salaam bado zimejaa Toyota IST za toleo la kwanza, lile lililotengenezwa kati ya 2002 na 2007. Gari la namna hiyo limepita kwa Mjapani, likapita mnadani, kisha kwa watu wawili watatu hapa nyumbani. Kilomita za kwenye dashibodi unaziamini kwa tahadhari, na habari za oili ya giaboksi hakuna anayezijua. Hata ile stika ya Kijapani kwenye nguzo ya mlango, mara nyingi ni ya oili ya ingini.

Nianze na wanaosema usiguse, maana hoja yao si ushirikina kama inavyodhihakiwa. Ndani ya giaboksi ya oto kuna sahani za klachi zilizobandikwa utando wa nyuzinyuzi. Gia ikibadilika, presha ya oili inazibana sahani hizo, na kila zikibanwa zinalika kidogo. Vumbi lake linabaki humo humo. Oili nayo ikipikwa na joto miaka na miaka inaacha masizi ya kunata kwenye kuta na kwenye valvu. Sasa oili mpya ina dawa za kusafisha. Ikiingia kwa wingi mara moja, hasa kwa mashine ya kusukuma oili kwa presha, uchafu uliokuwa umetulia unaweza kung'oka ukaenda kuziba filta au vile vijia vyembamba vya valvu. Hilo linatokea kweli. Hata Japani kwenyewe ziko gereji zinazokataa kubadilisha oili ya giaboksi kwenye gari lenye kilomita nyingi lisilo na kumbukumbu.

Hoja yao ya pili, kwamba lile vumbi ndilo linalosaidia sahani zilizochakaa kushika, siipi uzito huo. Giaboksi inayohitaji uchafu ili ishike imebakiza siku za kuhesabu, oili mpya iwepo isiwepo.

Lakini tuulize ushahidi wenyewe unapatikanaje. Watu wengi hawakumbuki oili ya giaboksi mpaka gari lianze vituko: linachelewa kuingia D, linagonga likipanda gia ya pili, ingini inanguruma lakini gari halichanganyi. Hapo ndipo mwenye gari anapokimbilia oili, kwa kuwa ndiyo tiba ya bei nafuu. Inamwagwa, inawekwa mpya, baada ya siku chache giaboksi inasimama kabisa. Lawama inakwenda kwa oili mpya na kwa aliyeitia. Wakati huo huo giaboksi iliyokufa na oili yake ya kiwandani haihesabiwi na mtu, inaandikiwa uzee.

Fundi analijua hilo kuliko sisi. Akiiacha ikafa, si yeye. Akiigusa ikafa, ni yeye, na mteja atarudi kudai. Kwa hiyo ushauri wa "usiguse" una busara ndani yake, ila sehemu ya busara hiyo inamlinda fundi kuliko giaboksi. Simlaumu. Ningekuwa mimi ndiye ninayedaiwa, huenda ningesema hivyo hivyo.

Upande wa pili una hoja moja kubwa: joto. Oili hii inafanya kazi nyingi kwa pamoja. Inasukuma, inalainisha, inapoza, na inaamua sahani zishike kwa ukali gani. Foleni ya Mbagala saa kumi na moja jioni, kiyoyozi kikiwaka na upepo haupiti kwenye rejeta, ni adhabu kwa oili hiyo. Gari likipanda mlima Kitonga na mzigo, ni adhabu nyingine. Joto linachosha dawa zilizomo, na oili iliyochoka inaacha sahani ziteleze, kuteleza kunaongeza joto, na joto linaichosha oili zaidi. Wapo watengenezaji wa magari wanaoandika kwamba oili ni ya maisha yote ya gari. BMW wamekuwa wakisema hivyo miaka mingi. Lakini ZF, Wajerumani wanaowatengenezea BMW giaboksi nyingi, wao wanashauri oili ibadilishwe kati ya kilomita 80,000 na 120,000. Katika mabishano hayo mimi namsikiliza aliyeunda giaboksi.

Kwa hiyo mimi siangalii umri wa gari, naangalia hali ya giaboksi leo. Kama gia zinaingia laini, hakuna kuchelewa wala kugonga, badilisha hata kama gari lina kilomita 200,000, ila taratibu. Hapa hesabu inasaidia. Ukifungua nati ya chini kwenye giaboksi ndogo ya Toyota ya gia nne, inatoka takribani nusu ya oili au pungufu. Iliyobaki imekaa kwenye konveta, lile duara kati ya ingini na giaboksi. Chukulia lita 3 zimetoka kati ya 6.5: umebadilisha asilimia 46. Ukirudia baada ya kilomita elfu kadhaa unafikia asilimia 71 hivi, na mara ya tatu asilimia 84. Oili mpya inaingia kidogo kidogo, uchafu hauna sababu ya kung'oka wote kwa pamoja. Mashine ya presha kwenye giaboksi usiyojua historia yake, hapana. Kwenye hilo nasimama na wale wa "usiguse".

Na kama unabadilisha, shusha sampo, lile bakuli la oili chini ya giaboksi. Wengi wanaruka hatua hii kuokoa gharama ya gasketi, lakini humo ndani kuna sumaku zinazokuambia ukweli. Ukikuta tope laini la kijivu, huo ni ulaji wa kawaida. Ukikuta vipande vya chuma unavyoweza kuvishika kwa kucha, oili haitakusaidia. Oili yenyewe idondoshe kwenye karatasi nyeupe na uinuse. Kahawia si kosa, oili inakolea rangi kwa kutumika tu. Nyeusi yenye harufu ya kuungua ni habari nyingine. Na ikiwa ya waridi iliyopauka kama maziwa, maji ya rejeta yameingia, kwa sababu kwenye magari mengi kipozeo cha oili kimo ndani ya rejeta hiyo hiyo. Sisi tunaotia maji ya bomba badala ya kulanti, kutu inakula kuanzia huko.

Kuna kosa linaloua giaboksi nyingi kisha likasingiziwa "oili mpya": oili isiyo yake. Ile nyekundu tunayoiita haidroliki, inayopimwa kwenye chupa ya maji kutoka pipani, inatiwa kwenye kila gari kana kwamba zote ni moja. IST ya zamani inataka Type T-IV. Toyota zilizofuata zinataka WS, ambayo ni nyepesi zaidi. Honda wana zao. CVT, yaani giaboksi za oto zisizo na gia za hatua, ndiyo kabisa: Toyota Premio za toleo la 260, Nissan Note na ndugu zake zinaendeshwa na mkanda wa chuma unaobanwa kati ya puli, na oili yake imetengenezwa ili mkanda huo ushike. Toyota wana CVT TC na CVT FE, Nissan wana NS-2 na NS-3. Tia haidroliki humo, usimtafute mchawi.

Kipimo nacho kinakosewa. Kwenye Toyota zenye stiki unapima oili ikiwa ya moto, ingini inaunguruma, baada ya kupitisha gia zote na kurudi P. Kwenye Honda nyingi unazima ingini kwanza, kisha unapima mara moja. Nyingine hazina stiki kabisa, zina nati ya kumwagia ziada, na bila kujua joto la oili unabahatisha tu.

Inabaki giaboksi ambayo tayari inateleza. Hiyo iache, hela ya oili ihifadhi. Utahitaji giaboksi ya mtumba kutoka Ilala, ambayo huenda ina umri ule ule wa gari lako na historia yake hakuna anayeijua. Mara nyingi inakuja imeshamwagwa oili kwa ajili ya safari ya meli. Fundi yule yule aliyekukataza ataifunga, ataijaza oili mpya mpaka kwenye alama, na atakupa gari uende nalo nyumbani bila wasiwasi wowote.