Ruta ilikuwa imelala tu

Naomba nianze kwa kujitetea: sikuanza na ujinga, nilianza na nia njema kabisa. Hapa nyumbani binti yangu akianza tu kupandisha video zake, mama yake aliye kwenye kikao cha kazi anaganda, mdomo wazi, jicho moja limefumba, na wenzake kule wanabaki wanamwangalia kama picha ya kitambulisho. Nikaenda kusoma nikagundua shida yetu sio spidi, shida ni foleni. Ruta inapokea data nyingi kuliko laini inavyoweza kusukuma, zinajipanga mstari mlangoni mwa laini, sasa sauti ya kikao inakwama nyuma ya video ya mtoto kama ambulensi nyuma ya lori la mchanga. Dawa yake inaitwa SQM, unaiambia ruta ipeleke data pungufu kidogo ya uwezo wa laini, asilimia 85 mpaka 90 hivi, foleni inahamia kwako ambako unaweza kuipangia zamu (na niseme mapema kwamba inafanya kazi kweli, wiki ya pili sasa mama hajaganda, hilo mtu asininyang'anye). Ila mfumo uliokuja na ruta yangu haukuwa na kitu hicho, na walioitengeneza walishaisahau, sasisho la mwisho ni la zamani mpaka aibu. OpenWrt inayo.

OpenWrt ni mfumo mbadala wa ruta, wa bure. Mwaka 2003 watu waligundua ndani ya ruta ya Linksys WRT54G kuna Linux, mfumo huria wa kompyuta, na leseni yake ya GPL haina mchezo, ukigawa programu yake lazima utoe na msimbo, basi msimbo ukatoka na 2004 mradi ukaanza, ndo maana mpaka leo kuna WRT kwenye jina. Hii historia naijua vizuri sana, niliisoma mchana kutwa Jumapili. Ningesoma maelekezo ya kusakinisha kwa bidii hiyohiyo nisingekuwa naandika hapa.

Niligeuza ruta nikasoma stika ya chini, ruta toleo la 4, nikahakikisha ina flashi (hifadhi ya mfumo) ya MB 8 na RAM ya MB 64 (zile za 4 na 32 watu wa OpenWrt wanakukataza kabisa), nikashusha faili lenye neno factory, nikaingia 192.168.0.1, nikalipakia kwenye ukurasa wa kusasisha, nikabonyeza. Taa zikacheza, zikazima, zikawaka. Mimi huyo nimekunja mikono kama daktari aliyemaliza upasuaji.

Waifai haikurudi.

Dakika tano, kumi, ishirini. Kwenye simu yangu naona waifai za majirani wote, ya kwangu hakuna. Nikachukua waya wa intaneti, nikachomeka leptopu, nikaandika 192.168.0.1, ukurasa unazunguka weee mpaka unakata tamaa. Nikaandika tena polepole, maana kuna watu tunaamini kompyuta inasikia vizuri ukiandika kwa heshima. Hola.

Binti akapita sebuleni, akaangalia simu yake, akaniangalia mimi, akaangalia ruta, akapaza sauti: "Mamaaa, baba ameua waifai."

Mama yake akatoka. Huyu mwanamke siku za kawaida ananiita baba fulani, akiniita mume wangu ujue kesi imefika mahakama kuu. "Mume wangu, kesho saa mbili asubuhi nina kikao na wakubwa." Nikamwambia hamna shida, mambo ya kitaalamu haya, inajipanga. Inajipanga! Sijui hata lile neno lilitoka wapi.

Sasa watu wa mambo haya kifaa kilichokufa hivyo wanakiita tofali, kwa sababu kazi iliyobaki ni kuzuia mlango usijifunge. Ila kuna njia ya dharura: unaipa leptopu anwani 192.168.0.66, unawasha programu ya TFTP, ile ya kugawia mafaili kwenye mtandao, unaweka faili kwa jina maalum, halafu unawasha ruta huku umeshikilia kitufe cha riseti, na ile bootloader, yaani kaprogramu kadogo kanakoamka kabla ya mfumo wenyewe, inalivuta faili na kulimeza. Kitufe chenyewe kimejificha kwenye katundu kadogo kama tundu la sindano. Kijiti cha meno kikavunjika. Kalamu haiingii. Juu ya meza kulikuwa na hereni ya mke wangu, ile ya kulabu ndefu, na sikutafakari sana.

Mara ya kwanza ruta haikuvuta kitu. Ya pili vilevile. Ya tano nikakumbuka kwamba leptopu ina faya-woli, nayo ilikuwa inamfukuza mgeni mlangoni kimyakimya bila hata kuniambia kuna mtu amebisha hodi. Nikaizima. Mara ya sita faili likavutwa, jamani, niliona ile mistari inakimbia nikaruka, nikagonga goti kwenye meza, ni saa sita usiku nimeshika goti nachechemea kwa furaha.

Taa zikawaka zote. Zikazima zote. Zikawaka zote. Zikazima zote. Nikahesabu mizunguko 14 kisha nikaacha, maana kilichokuwa mbele yangu haikuwa ruta tena, ilikuwa taa ya krismasi.

Hapo ndo nikampigia shemeji, mdogo wake mke wangu, yeye hizi ruta anazifanya huku anakula. Nikamweleza kila hatua, na nikakazia pale kwenye TFTP kwa sababu nilikuwa najionea fahari. Akasikiliza mpaka mwisho, halafu akaniuliza kwa sauti ya upole sana, sauti ya mtu anayeuliza marehemu alikula nini mara ya mwisho:

"Shemeji, ulipochomeka waya uliandika namba gani?"

"192.168.0.1, si ndo yake?"

Kimya.

"Shemeji, hiyo ni ya mfumo wa zamani. OpenWrt ni 192.168.1.1."

"Sawa, lakini na waifai ilikuwa haionekani."

"Waifai ya OpenWrt kwa kawaida inakuja imezimwa. Unaiwasha mwenyewe."

Naomba mnielewe nilivyokaa. Ruta haikuwa imekufa. Ule usakinishaji wa kwanza ulienda safi, mfumo ulikuwa umeamka, umekaa kwenye 192.168.1.1 unanisubiri kwa adabu, haujawekewa hata paswedi, ningebisha hodi tu ungefungua. Mimi nikaenda kumpima mapigo ya moyo mtu aliyelala, tena nikapima kwenye mkono wa jirani, nikasema huyu kafa, nikaanza kumkanyaga kifua.

"Na hilo faili la usiku ulichukua la toleo gani?" Nikafungua simu nikaangalia. Toleo la 2. Yanafanana majina, tofauti ni tarakimu moja, na nilikuwa nashusha kwa bando la simu, saa tano na nusu usiku, mke akipitapita nyuma yangu bila kusema kitu. Ule ukurasa wa ruta wa mwanzo ungelikataa faili hilo, lakini ile njia ya dharura kwenye ruta yangu haiulizi, ukiipa kitu inameza, kama mtoto wa miaka miwili. Kwa hiyo kuiua niliiua mimi, wakati wa kuiokoa.

Shemeji hakucheka, angalau sio kwenye simu. Akasema maadamu bootloader haijaguswa tofali hilo linafufuka, rudia na faili la toleo la 4. Nikarudia, hereni ile ile, na mara hii 192.168.1.1 ikafunguka. Nikaingia kama root, yaani mwenye mamlaka yote, nikaweka paswedi, nikawasha waifai, nikaipa jina lile lile na neno siri lile lile ili simu zijiunge zenyewe na mtu yeyote asijue kilichotokea. Saa nane na robo usiku nikalala mshindi.

Asubuhi binti ndiye aliyeniamsha. Waifai ipo, mistari imejaa, intaneti hakuna. Kumbe laini yetu inataka jina la mtumiaji na paswedi yake kwenye ruta, ile PPPoE, vyote vilikuwa kwenye mfumo wa zamani na vimeondoka nao, na mimi sikuviandika popote. Saa moja na dakika arobaini, bado dakika ishirini, mama kashavaa kashakaa mbele ya leptopu. Nikapiga huduma kwa wateja, simu nikaiweka spika kwa sababu mikono ilikuwa inatetemeka.

"Hizo taarifa huwa ziko ndani ya ruta mpendwa mteja," dada akasema. "Kuna mtu ameigusa?"

"Hapana," nikasema. "Zimejifuta zenyewe."

Mke wangu akainua hereni kutoka mezani, kulabu imenyooka kama msumari, akaileta karibu kabisa na simu.

"Na hii nayo imejinyoosha yenyewe?"

Upande wa pili dada akanyamaza kidogo, akakohoa, halafu akaniambia niandae kalamu.