Mitambo ya upepo baharini imeshakuwa mikubwa vya kutosha

Haupiti muda mrefu kabla ya kampuni moja au nyingine kutangaza mtambo mkubwa zaidi wa kufua umeme wa upepo baharini, na habari hizo hupokelewa kwa shangwe. Mimi naona mbio hizi zipumzishwe kwanza. Nasema hivyo kwa sababu nautaka sana umeme huu, na ninachokiona kinauchelewesha.

Mwaka 1991 Denmark ilisimamisha mitambo 11 pale Vindeby, kwenye maji ya kina kifupi karibu na kisiwa cha Lolland. Kila mmoja ulikuwa na uwezo wa kilowati 450, na yote kwa pamoja haikufika megawati 5. Ilifua umeme kwa takriban robo karne hadi ikaja kung'olewa mwaka 2017. Sasa nenda Dogger Bank, katika Bahari ya Kaskazini: mtambo mmoja tu una megawati 13, na panga lake moja lina urefu wa mita 107.

Sababu ya kukua huku inaeleweka. Kasi ya upepo ikiongezeka maradufu, nguvu iliyomo huongezeka mara nane, na upepo wa baharini hauna vilima wala majengo ya kuuvuruga. Mapanga yakirefuka, yanakusanya upepo wa eneo kubwa zaidi. Tena mitambo ikiwa michache, nguzo za kupigilia kwenye sakafu ya bahari zinapungua na safari za mafundi vilevile. Hesabu hiyo siipingi.

Ila shuka bandarini uone. Nguzo ya mtambo wa siku hizi ni bomba la chuma lenye uzito wa zaidi ya tani elfu moja, na gati nyingi haziwezi kulibeba. Meli ya kusimamisha mitambo nayo si meli ya kawaida. Ikifika mahali pa kazi hushusha miguu yake hadi sakafu ya bahari, kisha hujiinua mzima mzima juu ya maji ili mawimbi yasiitikise wakati kreni imening'iniza panga. Meli kama hiyo hujengwa kwa miaka na kwa mamia ya mamilioni ya dola. Mitambo ikirefuka tena, kreni haifiki juu, na mwenye meli analazimika kununua nyingine ilhali deni la kwanza bado liko shingoni. Kiwandani ni yale yale: kalibu za mapanga zinatupwa kabla hazijarudisha gharama zake, na mafundi hawapati muda wa kuujua mtambo mmoja vizuri kabla haujaja mwingine.

Na fedha zenyewe ni ngumu. Mradi wa upepo baharini hulipiwa karibu wote mwanzoni, kwa kuwa baadaye hakuna mafuta ya kununua. Riba ikipanda, unaumia kuliko kituo cha gesi. Mwaka 2023 ulilionyesha hilo wazi. Julai, Vattenfall, kampuni ya umeme ya Sweden, ilisimamisha mradi wake wa Norfolk Boreas huko Uingereza. Septemba, mnada wa Uingereza, ambapo wajenzi hushindania mikataba ya kuuza umeme kwa bei maalumu, haukupata hata mjenzi mmoja wa upepo baharini, kwa vile bei ya juu iliyoruhusiwa ilikuwa pauni 44 kwa megawati-saa, kwa thamani ya pauni ya mwaka 2012. Mwishoni mwa Oktoba, Ørsted, kampuni ya Denmark, ikaachana na miradi yake miwili ya New Jersey, Marekani. Serikali ya Uingereza ilipopandisha kikomo hadi pauni 73, wajenzi walirudi katika mnada wa 2024. Kubana bei kupita kiasi hakukumpa mwananchi umeme wa bei nafuu; kulimnyima umeme.

Linaloniuma zaidi ni nyaya. Huko Scotland, upepo ukivuma kwa nguvu, mitambo mingine huzimwa kwa sababu njia za umeme kwenda kusini hazitoshi. Wenye mitambo hulipwa fidia, na kusini vituo vya gesi vinawashwa kuziba pengo. Umeme safi upo, mteja yupo, katikati hakuna waya wa kutosha. Panga refu zaidi halitatui hilo.

Pendekezo langu ni serikali ziweke kikomo cha kimo cha mitambo ndani ya masharti ya zabuni, kwa miaka kumi hivi, na fedha za umma zielekezwe kwenye gati na nyaya. Esbjerg, bandari ya Denmark iliyokuwa ya wavuvi na baadaye ya mafuta, ilijijenga upya hadi ikawa kituo kikuu cha kusafirishia mitambo hii, na ndipo nchi nne zilipokutana Mei 2022 kuahidi gigawati 150 (yaani megawati 150,000) za upepo baharini ifikapo 2050. Bandari nyingine zitathubutu kukopa na kujenga zikishajua mtambo zitakaoupokea miaka kumi ijayo utakuwa na kimo gani.