Sindano ya kukoroma imekuja, sa CPAP tuiweke kabatini?

Bamdogo wangu anaendesha fuso Dodoma-Singida. Akilala pale Nkuhungu anakoroma weee afu ghafla kimya, mamdogo anaanza kuhesabu, akifika ishirini ndo jamaa anashtuka kama katolewa majini. Juzi kaskia kuna sindano ya hilo tatizo, mashine yake ya CPAP, ile ya kupuliza hewa puani koo lisizibe usingizini, kaitupia juu ya kabati, eti ule mpira puani unamfanya tembo.

Sindano ipo kweli, sio stori za kijiweni. Ni tirzepatidi, madukani Zepbound, FDA, mamlaka ya dawa ya Marekani, waliipitisha Desemba 2024, dawa ya kwanza kupitishwa kwa huu ugonjwa wa koo kuziba usingizini, ila ni kwa watu wazima wanene sana ambao tatizo lao ni la kati au kali. Kwenye majaribio ya wiki 52, wale wasiotumia mashine walipungukiwa kama mara 25 za pumzi kukwama kwa saa, waliochomwa sindano isiyo na dawa walipungukiwa kama 5 tu. Sio mchezo. Na wanaoitetea wana hoja, mashine inakusaidia ukiivaa, na wangapi wanaivaa mpaka asubuhi?

Ila yenyewe haigusi koo, inapunguza mwili ndo njia inaachia, kwa hiyo mwembamba mwenye taya dogo hapo hana chake. Afu inataka miezi, mashine inafanya kazi usiku huohuo. Kichefuchefu na kuharisha vipo, na ukiacha kuchoma kilo nyingi zinarudi.

Watu wanasema mashine inasumbua umeme ukikata, sawa, kwani sindano inakaa wapi? Friji! Nje ya friji ni siku 21 na joto lisizidi 30, sa chumba cha bati Dodoma mwezi wa kumi na moja mnakijua wenyewe.

Vinavyonitisha mimi ni vidonge vya kuondoa usingizi mchana, kama modafinili. Madaktari wanaviongezea kwa mtu anayetumia mashine na bado anasinzia, ila dereva akivimeza peke yake macho yanakuwa kodo na usiku koo linaziba vilevile.

Bamdogo kwa kile kitambi sindano ingemfaa, sikatai, siku daktari akimwandikia na hela ikipatikana. Jumapili nimemshushia mashine tukaifuta vumbi, mamdogo kasema bora alale na tembo, yeye kuhesabu kachoka.